Tawi la Njia Panda

Nimesikia mara nyingi mno, misibani, kwenye mabaraza ya kahawa hapa Dodoma, na mara moja mbele ya mlango wa msikiti, kisa cha mnyapara wa njia aliyempoteza bibi wa Kijerumani msituni. Wanaokisimulia wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema mzee yule alikuwa amelewa pombe ya uwele, akatia alama ovyo. Wa pili, na hawa ndio wanaoongezeka siku hizi, husema alifanya makusudi: aliona jinsi Wajerumani walivyotutenda, akaamua kuwakomoa kwa namna aliyoiweza, na kwa hiyo ni shujaa. Mwezi uliopita mjukuu wake mwenyewe, mtu mzima mwenye mkahawa, alinisimulia habari hiyo ya ushujaa huku akinimiminia kahawa, kana kwamba mimi sikuwapo.

Mimi nilikuwapo. Nilikuwa karani na mkalimani wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa boma aliyesikiliza mashauri ya watu, na maneno yote yaliyosemwa siku zile, ya upande huu na ya upande ule, yalipita kinywani mwangu. Nimetumikia serikali mbili mpaka nikastaafu, na katika utumishi wangu wote sijaona jambo dogo lililopotoshwa kama hili. Kwa hiyo naliandika kama lilivyokuwa. Mzee yule hakuwa amelewa, wala hakukusudia. Anayemwita mlevi anamdhulumu, na anayemwita shujaa kwa jambo hili anamdhulumu zaidi, kwa sababu nitakazozionyesha.

Boma letu lilikuwa dogo, upande wa mashariki wa nyanda hizi, mahali ambapo mtu akielekea Mlali ardhi huanza kuinuka na miti huanza kusogeleana. Reli ilikuwa imekwisha kupita Dodoma, na misafara ya wapagazi iliyokuwa ikivuka Ugogo kwa vizazi vingi ilikuwa imebaki masimulizi. Mwendo wa asubuhi moja kutoka bomani kulikuwa na ziwa dogo chini ya mlima, ambalo hujaa wakati wa masika na kupungua kiangazi mpaka likabaki tope lenye nyayo za ng'ombe. Juu ya ziwa ulikuwapo msitu wa miyombo, na ndani yake vichaka vya kikwata, ambavyo miiba yake humshika mtu mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Bwana Shauri alipaona mahali hapo akapapenda. Baadaye alinieleza kwamba alizaliwa katika nchi ya maziwa na misitu, ambako watu wa mjini wana vijumba vya mbao kando ya maji, na siku za mapumziko hutoka wakatembea msituni kwa njia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Si njia za kwenda sokoni, wala kisimani, wala shambani. Ni njia za kutembea. Nilimwomba arudie maelezo hayo, maana nilidhani Kijerumani changu kimenipungukia. Aliyarudia. Yalikuwa yale yale.

Basi akajenga kijumba cha magogo juu ya ziwa, akaezeka kwa nyasi, akaagiza njia zikatwe. Majumbe waliamriwa kutoa watu, nao wakaja na mashoka na majembe wakiwa na nyuso za watu walioitwa kuzima moto wasiouona. Siku ya kwanza mmoja wao, bingwa wa kukata miti, aliniuliza:

"Karani, njia hii inakwenda wapi?"

"Inazunguka msitu, kisha inarudi hapa."

"Hapa hapa tulipo?"

"Hapa hapa."

Alilitazama shoka lake, akanitazama mimi. "Sasa mtu si akae tu?"

Wenzake walicheka mpaka wengine wakaketi chini, na askari aliyekuwa akiwasimamia, ambaye alipaswa kuwakemea, aligeuza uso. Wanawake waliokuja kuchota maji nao walikuwa na maswali yao. Walimwona Bwana akipita kando ya ziwa na fimbo yake, bila mzigo, bila bunduki, bila mtu wa kumfuata.

"Amepoteza mbuzi?"

"Hajapoteza kitu," nikawajibu. "Anatembea."

"Anakwenda kwa nani?"

"Haendi kwa mtu. Anatembea tu, kisha anarudi."

Mama mmoja alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Maskini. Hana hata shamba."

Msimamizi wa kazi hiyo ndiye mnyapara ninayeandika habari zake. Kwa kuzaliwa alikuwa Mgogo wa upande wa Chamwino, lakini ujana wake wote aliumaliza katika misafara, na alikuwa amefikia cheo cha kirongozi, yaani mtu wa kutangulia. Kirongozi ndiye aliyeshika bendera, akavaa kitambaa chekundu na manyoya kichwani, na kuamua ni njia ipi msafara utafuata. Reli ilipokuja, kazi hiyo ilikwisha, naye akabaki na miguu mirefu na maneno mengi. Sitampamba. Alikuwa mwenye majivuno, mgomvi wa asubuhi, na hakuna mtu aliyeshika jembe mbele yake bila kuambiwa kwamba amelishika vibaya. Jambo alilojivunia kuliko yote ni moja, na alilisema karibu kila siku.

"Watu niliowatangulia mimi," alikuwa akisema, "wakifufuka wote leo hapa hapatoshi. Waulize. Hakuna hata mmoja aliyelala porini kwa kosa la mguu wangu."

Mkewe, ambaye alikuwa akimletea chakula pale kazini, hakuwa akimwachia. "Umeongoza misafara mpaka baharini," alimwambia mbele yetu, "nami nikikutuma chumvi unarudi na tumbaku."

"Chumvi haina njia panda," akajibu mzee, akaendelea kula.

Hapa sina budi kueleza desturi ambayo kila mtu wa nyanda hizi aliijua wakati ule, na ambayo vijana wa sasa wanaopanda gari la moshi hawana haja nayo. Msafara ukiwa njiani hutawanyika. Wenye nguvu wako mbele, wenye mizigo mizito wako katikati, na wagonjwa na wanawake wenye watoto wako nyuma kabisa, labda mwendo wa nusu siku. Kirongozi akifika njia panda hawezi kuwangoja. Hukata tawi bichi, akalilaza kukingama njia isiyofuatwa, kisha akapiga mstari kwa kisigino. Anayekuja nyuma akiliona tawi hajiulizi. Njia hiyo imefungwa, anapita nyingine. Wagogo ambao hawakuwahi kubeba hata furushi waliijua alama hiyo, kwa sababu misafara ilipita mashambani mwao, na wao wenyewe waliitumia kufunga njia ya nyumba yenye ndui au ya malisho yaliyokatazwa. Mtoto aliyeruka tawi alipigwa na mtu yeyote aliyemwona, na mama yake alishukuru.

Njia ya ziwani ilikuwa imekamilika, na njia ya msituni ilikuwa imefikia nusu tu, ikiishia kwenye vichaka vya kikwata, wakati dada yake Bwana Shauri alipokuja kutoka Ulaya kumtembelea. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu, mwenye viatu vizito, ambaye alitembea kuliko kaka yake na alimsalimu kila mtu kwa neno moja la Kiswahili alilolijua, nalo lilikuwa "vizuri". Siku yake ya tatu au ya nne pale kijumbani alitaka kwenda ziwani peke yake asubuhi. Bwana alimwita mnyapara, akasema nami nikafasiri:

"Kesho dada yangu atatembea peke yake mpaka ziwani. Njia panda ni nyingi. Utie alama, asipotee."

"Mwambie Bwana," akasema mnyapara, "hata kipofu atafika."

Nikafasiri na hilo. Kisha Bwana akamgeukia dada yake, akamwambia kwa Kijerumani kwamba kutakuwa na alama na kwamba azifuate. Nalo nililisikia. Watu wameniuliza kwa nini mimi, niliyezijua lugha zote mbili, sikusema neno. Jibu langu ni lile lile. Nilifasiri yote yaliyosemwa, na lisilosemwa halifasiriki. Hakuna aliyetaja alama itakuwa nini, kwa sababu kila upande uliona kwamba hakuna cha kutaja. Alama ni alama.

Alfajiri mnyapara alitoka na panga. Nilimwona akirudi na majani mabegani, ameridhika. Alikuwa amekifunga kila kijia kisichokwenda ziwani: njia ya msituni, kijia cha ng'ombe kinachotoka katika njia hiyo, kijia cha warina asali kilicho mbele zaidi, na kile cha wakata kuni kinachopanda mlimani. Hakuwa mtu wa kazi nusu. Matawi yote yalikuwa mabichi, ya mti wa mtundu, yenye majani mengi, ili Bibi ayaone kwa mbali.

Bibi aliyaona kwa mbali. Katika nchi yao, kama tulivyokuja kuelezwa baadaye, alama huwekwa kwenye njia inayofuatwa, juu ya mti au juu ya jiwe, na mtembeaji hutoka alama hii akatafuta ile. Alipofika panda ya kwanza akaliona tawi zuri lililokatwa upya, alifurahi. Aliliruka kwa heshima, asilikanyage, akaingia njia ya msituni. Mbele akakuta tawi la pili, akaliruka. Akakuta la tatu. Kila njia ambayo mnyapara aliifunga, Bibi aliifuata, kwa utaratibu, moja baada ya moja, wala hakukosea hata panda moja.

Jua lilipokuwa utosini, Bwana alishuka ziwani mwenyewe. Hakukuwa na mtu, wala unyayo wa kiatu. Alirudi rangi ya uso imebadilika, akapaza sauti, nasi sote tukatoka. Mnyapara alisema haiwezekani, akakimbilia panda ya kwanza, nami nikamfuata. Aliinama. Ng'ambo ya tawi, kwenye mchanga, palikuwa na alama ya kisigino cha kiatu kizito.

"Ameruka!" akasema. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile kwa mtu mzima. Ilikuwa sauti ya mtu aliyemkuta mgeni chumbani kwa wakwe zake. "Karani, ameruka tawi! Bibi wa watu, mwenye akili zake!"

Tulimtafuta mchana wote. Mnyapara alitangulia, akifuata matawi yake mwenyewe, na katika kila moja alikuta kisigino ng'ambo ya pili na kuguna. Mwishoni nyayo zilipotea kwenye mawe. Hatukumpata sisi. Walimpata wanawake waliokwenda kuokota kuni upande wa pili wa mlima, ambao walimkuta amekaa juu ya jiwe, sketi imechanwa na kikwata, kofia imebaki mtini. Walimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", naye akawajibu "Vizuri". Wakampeleka kwenye tembe yao, wakampa uji wa uwele, wakampandisha punda. Jua lilipokuwa likishuka tulimwona akija kwa njia ya ng'ombe, wanawake wakiimba nyuma yake, na mikono yake ina mikwaruzo kama ya mtu aliyepigana na paka.

Yeye mwenyewe hakuwa na hasira. Aliyekuwa na hasira ni Bwana. Alimuuliza dada yake alipitia wapi, naye akajibu kwamba alizifuata alama zote, matawi yote, mpaka yakaisha. Bwana akageuka taratibu, akamtazama mnyapara.

"Aliyaweka matawi msituni?"

"Ndiyo, Bwana," nikasema, "lakini…"

"Nimekuuliza aliyaweka au hakuyaweka?"

"Aliyaweka."

Usiku ule mnyapara alilala amefungwa kamba. Asubuhi tuliteremka bomani, yeye kati ya askari wawili, na njia nzima ilijua kwamba anakwenda kupata hamsa ishirini, yaani vile viboko ishirini na vitano ambavyo watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, na baada yake mnyororo. Kwa mtu wa miaka yake, viboko hivyo vilitosha kumlaza asiinuke. Mkewe alifuata kwa mbali na kibuyu cha maji, na safari hii hakuwa na mzaha.

Kwenye baraza la boma mnyapara aliulizwa kwa nini alimpeleka Bibi msituni. Alijibu kwamba hakumpeleka, alimfungia. Bwana alisema aliamuru njia ionyeshwe, si ifungwe. Mnyapara akajibu kwamba njia huonyeshwa kwa kufungwa nyingine. Nilifasiri maneno haya na kuona kwamba hayafiki, kwa kuwa kila mmoja alimwona mwenzake anacheza. Ndipo nilipoomba ruhusa ya kusema kwa nafsi yangu, jambo ambalo mkalimani hapaswi kulifanya, nami sikuwahi kulifanya kabla ya hapo.

"Bwana," nikasema, "leo ni siku ya soko. Nipe ruhusa nilaze tawi moja tu."

Mbele ya boma njia kuu iligawanyika: moja ilikwenda moja kwa moja sokoni, ikipita nyuma ya jiko la Bwana, na nyingine iliteremka korongoni, ikazunguka kwenye mchanga na kupanda tena upande wa pili. Hakuna mwenye akili aliyepita korongoni. Nilikata tawi, nikalitupa juu ya njia ya sokoni. Kutoka barazani, mikono yake ikiwa imefungwa, mnyapara alishindwa kuvumilia.

"Si hivyo, karani! Umelilaza kama mtu anayeanika nguo. Likingamishe!"

Nililikingamisha. Tukakaa barazani, Bwana, Bibi, askari, mfungwa na mimi, tukatazama.

Walikuja wanawake watatu wenye vikapu vya karanga kichwani. Wa mbele akasimama.

"Pamefungwa."

"Kuna nini?"

"Nitajuaje? Waliotangulia wamefunga."

"Labda ndui."

"Labda kodi," akasema wa nyuma, na wote wakacheka, wakateremka korongoni, mchanga ukiwafika vifundoni.

Akaja mtu na mbuzi zake. Hakusimama hata kidogo, aliwapigia mluzi wakageuka. Wakaja wauza mitungi, mzee mmoja mwenye ngozi za kuuza, kundi la watu wa Nzuguni wenye chumvi. Wote waliteremka. Wengine walinung'unika, lakini hakuna aliyeinua mguu kuliruka. Bwana alikuwa ameshika kidevu. Mwisho akaja mpishi wake mwenyewe, mtu wa pwani, msafi, na kuku wawili mkononi. Jiko lilikuwa mbele ya macho yake, hatua chache nyuma ya tawi. Alilitazama tawi. Akalitazama jiko. Akaanza kuteremka korongoni.

Bwana akasimama, akampigia kelele kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Mpishi! Unakwenda wapi?"

"Jikoni, Bwana."

"Jiko si hili hapa?"

"Ndilo, Bwana. Lakini njia imefungwa."

"Nani amekuambia?"

Mpishi aliinua mkono wenye kuku, akaonyesha. "Hilo, Bwana."

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile mikono yake yenye mikwaruzo, akasema kwa Kijerumani kwamba basi yeye ndiye mtu pekee wa nchi nzima aliyefungiwa njia nne asielewe hata moja. Bwana hakucheka. Aliamuru kamba ya mnyapara ifunguliwe. Kisha, mbele ya watu ambao sasa walikuwa wamejaa, alitoa hukumu, nami nikaifasiri kwa sauti:

"Serikali imesikia. Mnyapara amesamehewa. Aende zake."

Watu wakapiga vigelegele. Mkewe akasogea na kibuyu chake cha maji. Mnyapara peke yake hakuondoka. Alikuwa akisugua alama za kamba mikononi.

"Karani. Nimesamehewa nini?"

"Kosa la Bibi kupotea, mzee."

"Kosa hilo ni la nani? Bwana si ameona mwenyewe?"

"Ameona."

"Basi mwambie msamaha huo auweke. Atakuja mwenye haja nao."

Nilifasiri neno kwa neno, maana hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa. Bwana akajibu kwamba serikali haisemi mara mbili, na kwamba mtu aliyeepuka hamsa ishirini angefanya vyema kwenda nyumbani. Mnyapara akaenda nyumbani.

Wasomaji watasema: mgongo umepona, lililobaki ni neno tu. Siwezi kukubali. Mtu husamehewa alichokitenda. Aliyesamehewa kwa kupoteza mtu amepoteza mtu, na mzee yule hakuwa na mali nyingine duniani ila ile sentensi yake, kwamba hakuna aliyelala porini kwa kosa la mguu wake. Kabla soko halijavunjika, maneno yalikuwa yamekwisha kugeuka. Mkewe alinieleza baadaye kwamba aliporudi kutoka kununua unga aliulizwa na wenzake kama ni kweli mumewe alimpoteza Mzungu, serikali ikamhurumia kwa uzee. Hapo ndipo kilipozaliwa kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Hakikuzaliwa msituni. Kilizaliwa barazani, kwa neno moja, nami ndiye niliyelitamka.

Siku ya pili nilimwendea Bwana nikiwa nimevaa koti langu la kazi.

"Bwana, katika mashauri kuna hukumu mbili. Kuna 'amesamehewa', na kuna 'hana hatia'."

"Karani, unataka kunifundisha kazi?"

"Nataka neno liwe sawa, Bwana."

Aliniambia nirudi mezani kwangu. Nilirudi. Lakini nililisema, na naomba lihesabiwe.

Mnyapara hakuja tena kazini. Aliitwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema ana shamba la uwele na ndege ni wengi. Mara ya pili alisema kazi ya njia inataka mtu asiyepoteza watu, wamtafute huyo. Tembe yake ilikuwa kwenye mteremko, juu kidogo ya ile panda ya kwanza, na tulipopita tulimwona juu ya kichanja chake shambani, akiwatupia ndege mawe kwa teo, bila kutugeukia. Mkewe alinilalamikia kwamba nyumbani hakukaliki: ameshika kumwonyesha namna ya kusonga ugali.

Tuliporudi kijumbani, siku zilizobaki za Bibi zilikuwa chache, na bado hakuwa ameliona ziwa kwa njia yake. Asubuhi moja alisema atakwenda, na Bwana akasema safari hii atakwenda naye. Tuliteremka watatu. Tulipofika panda ya kwanza, Bwana alisimama. Tawi la zamani lilikuwa limekauka na kupeperushwa. Nilidhani atapita, maana yeye aliijua njia. Hakupita. Alitoa kisu chake, akaenda kwenye mtundu, akakata tawi bichi mwenyewe, jasho likimtoka, akalilaza kwenye njia ya msituni. Alililaza kwa urefu, kama mkeka.

Kisha akamwambia dada yake, kwanza kwa Kijerumani, halafu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa Kiswahili chake:

"Njia hii imefungwa. Mtu akiona tawi, hapiti."

Kule shambani mawe yalikuwa yameacha kurushwa. Mnyapara aliteremka taratibu, teo mkononi, akasimama kando yetu. Tulisalimiana. Hakumtazama Bwana, alinitazama mimi.

"Karani, maneno hayo amesema Bwana au umesema wewe?"

"Amesema Bwana, mzee."

"Kwa kinywa chake?"

"Umemsikia."

Akainama, akalishika tawi, akaligeuza mpaka likakingama njia, majani upande mmoja na shina upande mwingine, na kwa kisigino akapiga mstari mbele yake.

"Hivi," akasema.

"Sawa," akasema Bwana.

Mnyapara akaingia njia ya ziwani, akatangulia. Bibi akamfuata, Bwana akamfuata Bibi, nami nikawa wa mwisho, na tulifika ziwani kabla jua halijawa kali. Kesho yake alikuwa kazini, akimwambia mtu kwamba ameshika jembe vibaya. Neno la barazani halikufutwa barazani, na hilo nalihesabu kuwa upungufu wa serikali mpaka leo. Mzee mwenyewe aliona limefutwa, na ilikuwa haki yake kuona hivyo.

Haya yote nilimweleza mjukuu wake, kahawa ikipoa mbele yangu. Alisikiliza vizuri, kwa adabu. Mwishoni akasema:

"Lakini mzee, wateja wanaipenda ile ya ushujaa."

"Babu yako," nikamwambia, "alikataa kazi, akakaa juu ya kichanja na ndege, kwa sababu hakutaka kuitwa mtu aliyempoteza mtu. Nawe unamwita hivyo kila siku, tena kwa kumsifu."

Akaenda kuwahudumia wengine, nami niliondoka nikiwa sijaridhika. Wiki hii nilipita tena pale. Alikuwa amemwinamia mteja mmoja, mgeni wa mji, akimwonyesha kwa kijiti cha ufagio juu ya meza jinsi kirongozi alivyofunga njia. Vikombe viwili vilikuwa ndio msitu na sahani ndiyo ziwa. Kijiti alikuwa amekilaza kwa urefu.

Niliingia nikakigeuza.